Ndizi za Usoke

Siku ya kwanza kazini niliumwa na nyuki kumi na saba. Jioni niliihesabu miiba mwenyewe. Nilikuwa binti mbichi kutoka chuoni, nimepangiwa Tabora kuwa mtaalamu wa nyuki, na asubuhi ile nilikuwa nimekunywa chai kwa ndizi mbivu tatu. Bwana Nyuki wa Wilaya, bosi wangu wa kwanza, alinivuta mbali na mzinga, akaushika mkono wangu akaunusa.

"Umekula nini, binti?"

"Ndizi, mzee."

"Basi umekwenda kutangaza vita."

Akanieleza kwamba nyuki akiuma huacha harufu ya kuwaita wenzake, na harufu hiyo inafanana mno na ya ndizi mbivu. Tangu hapo sikula ndizi siku ya kazi. Na kwa kuwa siku zote zilikuwa za kazi, nikaziacha kabisa. Hata nyumbani kwetu Ipuli watoto wangu walikwenda kuzila zao uani.

Kazi yenyewe ilikuwa baiskeli. Nyuki hawaji ofisini. Tuliwafuata warina asali porini, kwenye mizinga ya magome iliyotundikwa juu ya miti, tukawafundisha kutumia bomba la moshi, kile kikopo chenye mvukuto cha kuwatuliza nyuki. Zamani walitumia mienge ya moto, wakirina mara moja wameunguza kundi zima. Nilifanya kazi chini ya wakubwa wanne, mmoja wao sikumwona akigusa mzinga hata siku moja, ingawa ripoti alizisoma vizuri sana.

Wa tano alikuwa Afisa Nyuki wa Mkoa, mtu wa haki lakini mkavu. Nilikuwa na miaka arobaini na sita na watoto wanne aliponiita.

"Mama Asha, umri umekwenda. Porini tunapeleka vijana wenye pikipiki. Wewe utakaa masjala."

Masjala! Chumba cha mafaili, dirisha moja, vumbi tele. Niliumia, tena sana. Ukutani kwake palikuwa na tangazo la mashindano ya baiskeli kutoka Tabora mpaka Urambo, kilomita tisini hivi, kwenye njia ya babu zetu wapagazi waliokuwa wakielekea Ujiji na mizigo kichwani. Mnyamwezi hatishwi kwa umbali akanyamaza.

"Bosi, nikifika Urambo kabla jua halijazama, na Jumatatu nikaingia kazini kwa miguu yangu, uniache porini."

Alicheka, mara ya kwanza kumwona akicheka. "Ukipanda gari la kuokota waliochoka, Jumatatu unaripoti masjala." Tukapeana mikono.

Miezi mitatu nilikuwa natoka alfajiri, nazunguka Itetemia na kurudi, kisha naoga na kwenda kazini. Mume wangu, mwalimu wa msingi, ndiye aliyewapikia watoto uji na kuwasuka mabinti, tena alisuka vibaya kweli. Majirani walimwonea huruma.

"Mwalimu, mkeo anakimbia nini?"

"Anaikimbia masjala," akajibu, akaendelea kukoroga uji.

Siku yenyewe nilikwenda vizuri hadi Usoke. Pale palikuwa na meza ya maji na ndizi. Nilikunywa maji, ndizi nikazisukuma kando.

"Mama, kula," akasema msichana aliyekuwa akigawa. "Mbele kuna mchanga."

"Ndizi sili, mwanangu. Kazi yangu hairuhusu."

Hata leo najicheka. Mzinga wa karibu niliopaswa kuufungua ulikuwa wa Jumatatu! Ujinga ule anaweza kuufanya mtu wa nyuki tu.

Mchanga ukanikuta mtupu. Macho yakaingia giza, nikashuka na kuanza kuikokota baiskeli. Ndipo gari la kuokota likasimama kando yangu, na kando ya dereva ameketi Afisa Nyuki wa Mkoa, mgeni wa heshima siku hiyo. Akashuka.

"Panda, Mama Asha. Umejitahidi."

Hakuna ambaye angenilaumu. Niliushika mlango wa gari, nao ulikuwa wa moto kwa jua.

"Mna chakula gani humo?" nikauliza.

"Zimebaki ndizi."

Tukatazamana. Naye alikuwa mtu wa nyuki, hakuhitaji kuelezwa. Akachukua moja, akaimenya mwenyewe, akanipa.

"Kula. Leo hufungui mzinga."

Nilikula nne nimesimama, machozi yananitoka, na sitawadanganya, zilikuwa tamu kupita asali. Kisha nikapanda baiskeli.

Nilifika Urambo nikiwa mwanamke wa mwisho, jua likiwa juu ya vichwa vya miti. Jumatatu mapaja yalikuwa magogo, lakini nilimtangulia bosi ofisini. Alinikabidhi bomba langu la moshi, akaingia ndani.

Nilibaki porini miaka kumi na minne mingine, na kila mwaka nilikwenda Urambo kwa baiskeli. Vijana wa pikipiki waliniita Mama Pedeli, nami niliwasubiri kila pikipiki zao zilipoharibika. Najivunia, kwa nini nifiche? Ninyi mnaodhani mwili unastaafu ukifika arobaini, mmeusikiliza uvivu wenu mkadhani ni daktari.

Siku ya kuniaga, bosi yule, naye kashastaafu, alituma zawadi: mkungu mzima wa ndizi mbivu umefungwa kwenye kiti cha nyuma cha baiskeli, na kikaratasi. "Sasa kula, Mama Asha. Kazi imekwisha."

Ukumbi mzima ulicheka. Nami nilicheka mpaka nikalia. Nikamenya moja, nikaipeleka mdomoni, nikaisikia ile harufu, nikairudisha chini. Mkungu wote niliwagawia wajukuu.

Kesho yake asubuhi nilikuwa na mizinga yangu sita ya kufungua, Itetemia.