Habari za Njia ya Kalehe

Kundi lile la WhatsApp lilianzishwa na Consolate, muuza maharagwe wa soko la Nyawera mjini, kwa kazi moja tu. Kila alfajiri, yeyote aliyetangulia kwenye barabara ya Kalehe aliandika maneno mawili matatu: njia iko bien, yaani salama, au njia hapana. Wanawake waliofuata mizigo huko walisoma, wakafunga mifuko yao au wakairudisha chini ya kitanda. Tangu vita vianze kuhamahama kando ya barabara hiyo, hawakuwa na kinga nyingine.

Polycarpe aliingizwa humo kwa ajili ya mkewe, Georgette, mmoja wa wachuuzi hao, ambaye simu yake ilikuwa ile ndogo ya vitufe. Yeye alisoma, mke akasafiri. Ndivyo walivyopanga.

Lakini Polycarpe alikuwa amefundisha jiografia miaka ishirini na sita, na tangu shule yake ifungwe hakuna aliyemsikiliza tena. Siku moja mtu fulani kwenye kundi alichanganya miji ya mbali ambako makubaliano ya amani yalitiwa saini. Polycarpe akamsahihisha kwa upole. Watu kumi na wawili wakamwinulia madole gumba. Aliyatazama yale madole gumba muda mrefu, kama mtu aliyerudishiwa darasa lake.

Punde akapata mpinzani: Hervé, mzaliwa wa Kalehe aliyehamia Ulaya, ambaye kila siku aliagiza kutoka huko kwenye baridi kwamba vita viendelee mpaka mtu wa mwisho.

"Muzee ya craie," Hervé aliandika, akimkejeli kwa chaki na ubao wake, "tableau yako ilishavunjika, sasa unaandika ku ukuta."

"Mutoto," Polycarpe alijibu, "vita unaitaka sana, kuya basi uipigane na manteau yako ya baridi."

Watu walicheka, wakagawanyika pande mbili. Consolate aliomba: "Bapapa, mbele ya saa moja tuandike njia tu." Waliitika ndiyo maman, wakaendelea. Kibaya zaidi, hata njia yenyewe ikaingizwa kwenye ubishi. Waliotaka dunia ione vita walisema imefungwa. Waliotaka mji uonekane umetulia walisema iko wazi. Mara mbili Georgette alibaki nyumbani bure, na wateja wake wakanunua kwa wengine.

Jumanne, saa kumi na moja na nusu asubuhi, Georgette alikuwa mlangoni anakaza kitenge. Polycarpe alikuwa mezani, chai pembeni, akimweleza Hervé ni nchi zipi zinazonufaika na madini ya Kivu. Ujumbe wa Maombi ukaingia. Maombi alikuwa dereva wa lori, na jana yake alikuwa amemcheka Polycarpe mbele ya kundi zima.

"Bandugu, musipande leo. Tumefika karibu na daraja, risasi inalia, tumegeuka. Njia hapana."

Polycarpe hakuuona kama ujumbe wa njia. Alimwona Hervé tu, amejificha nyuma ya jina la Maombi. Kidole kikatangulia akili, kikahesabu hoja tatu kama darasani: "Primo, nani amekutuma? Secundo, habari kama hii inamutumikia nani? Tertio, leta preuve, ushahidi."

"Papa Aurore," Georgette aliuliza, akimwita kwa jina la binti yao, "njia inasema nini?"

Alisita. Kumwambia abaki kulikuwa ni kukiri, ndani ya nyumba yake mwenyewe, kwamba Maombi amesema kweli.

"Iko bien. Ni politique ya batu tu."

"Uko sure?"

"Mama Aurore, niko na kazi hapa."

"Kazi," mkewe alisema, akitabasamu kidogo. "Kunywa chai yako basi, inapoa." Akaenda.

Jibu lake kwa Maombi lilipata madole gumba arobaini na matatu. Adhuhuri alimpigia Georgette; simu haikupatikana. Saa nane vilevile. Akaandika kwenye kundi: "Kuna mwenye ameona maman Georgette? Alipanda na gari ya saa kumi na mbili."

Hervé hakuchelewa. "Primo, nani amekutuma? Secundo, leta preuve."

Wengi walicheka, wakidhani mzee anatega hoja mpya. Wakarudia madini, na swali lake likasukumwa juu mpaka likapotea.

Aliyepiga simu ni Maombi peke yake.

"Papa Polycarpe, si nilikuwa nimeandika?"

"Nilisoma."

Maombi akaendelea: "Tulipishana na ile gari. Niliwapigia phare, mataa ya mbele, dereva akasimama. Nikamwambia ageuke. Maman moja akasema nyuma: bwana yangu amesoma groupe, njia iko bien. Dereva akaendelea."

Gari halikurudi, wala mtu aliyekuwa ndani yake. Siku iliyofuata Consolate alilifunga kundi. Sasa aliandika yeye tu. Wengine walibaki kusoma.

Siku ya nne Polycarpe alikuwa mezani pale pale. Chini ya onyo la Maombi, maneno yake matatu, primo, secundo, tertio, yalikuwa bado yananing'inia na madole gumba yote. Aliyabonyeza ili ayafute. Muda wa kuyafutia wote ulikuwa umepita. Simu ilimruhusu kuyafuta kwake mwenyewe tu.

Binti yake Aurore aliingia, viatu vimejaa tope, ametoka kumuulizia mama yake kwenye hospitali ya tatu.

"Papa, asubuhi ile groupe ilisema nini juu ya njia?"

Kidole kilikuwa bado juu ya kioo. Kugusa mara moja tu, na Aurore asingeona alichojibu baba yake. Polycarpe akaondoa kidole, akamnyooshea simu.

Aurore alisoma amesimama. Akarudia tangu juu. Kisha akailaza simu kifudifudi kando ya kikombe, akatoka kuanua kitenge kingine cha mama yake kwenye kamba, kwa sababu mvua ilikuwa inaanza.