Kidonge Kwanza, Maji Baadaye

"Toa ulimi."

Mzee Korbinian Zech, mwenye miaka sabini na moja, amesimama peku juu ya vigae vya baridi, suruali ameikunja juu ya magoti. Anatoa ulimi. Bi Walburga Prestele anainama, anautazama upande huu na upande ule, mpira wa maji umetulia mkononi mwake.

"Nimemeza, jamani. Unataka picha?"

"Inua juu."

Anainua. Chini ya ulimi hakuna kitu. Hapo tu ndipo Bi Walburga anapofungua bomba.

Ni asubuhi, nje theluji bado imelala juu ya mapaa ya mji mdogo wa Hinterau, na maji haya yanatoka mlimani moja kwa moja. Bi Walburga anaanzia kwenye kidole kidogo cha mguu wa kulia, anapanda polepole kwa nje ya shavu la mguu hadi gotini, kisha anashuka kwa ndani. Mzee Korbinian, ambaye huimba sauti ya juu katika kwaya ya parokia, anatoa noti ambayo haimo katika kitabu chochote cha nyimbo. Wageni watatu wanaosubiri zamu wanaangua kicheko.

"Shemeji, unaniua!"

"Ningekuwa nakuua ningekuachia ufe bure, bila kunilowesha viatu. Mguu wa kushoto!"

Bi Walburga, au Burgl kama wanavyomwita wote hapa, ana miaka hamsini na minane. Thelathini kati ya hiyo ameimaliza katika nyumba hii ya maji ya Bwana Ottmar Rauh, mtabibu wa tiba za asili, akimwagia watu maji baridi magotini, mikononi na mgongoni. Mshahara wake ni wa kawaida, wa kutosha kodi na mbegu za bustani. Zaidi ya hapo kuna jibini.

"Aliyejisikia vizuri akirudi ananiletea jibini," anasema, akijifuta mikono kwenye aproni. "Asiyejisikia vizuri harudi. Sasa nikikaa nikahesabu jibini peke yake, si nitaamini naponya dunia nzima?"

Na hapo ndipo ulipo ugomvi wake, maana mwanamke huyu anayeishi kwa tiba ya maji ndiye mtu anayeipinga kwa sauti kubwa kuliko wote mjini pale inapojiita sayansi. Haipingi kazi yenyewe. Kazi anaipenda. Mwandishi wa makala haya, ambaye ameishi bonde hili miaka kumi na miwili na amekwisha kupiga mayowe mbele yake mara nyingi, anaweza kula kiapo kwamba ukitoka pale, ukivaa soksi za sufu na kukimbia kidogo, unajisikia umezaliwa upya.

"Kujisikia vizuri ni kitu kizuri," anasema Bi Walburga. "Lakini kujisikia si kupona. Una mafua, nakumwagia siku ya tano, siku ya saba yameisha. Unasema Burgl kaniponya. Burgl gani? Mafua yalikuwa yanaondoka zake."

Je, matembezi, mboga na usingizi, mambo ambayo nyumba hii pia huwaagizia wageni?

"Hayo hata daktari wa hospitali anakuambia. Huwezi kuchukua kabichi ya watu ukasema ni uvumbuzi wako. Tena wanasema cha asili hakidhuru! Nenda msituni hapo, uchume uyoga mwekundu, ule. Nao ni wa asili."

Mambo haya yote yangebaki utani wa barazani kama si beseni la umeme.

Bwana Ottmar alilinunua mwaka juzi kwenye maonyesho ya biashara. Lilikuwa beseni la plastiki lenye vyuma viwili vya kutumbukiza katika maji ya chumvi. Mgeni alikuwa anaweka miguu, umeme kidogo unawashwa, na baada ya nusu saa maji yanageuka kahawia kama kahawa ya jana. Ilisemekana ni sumu zinazotoka mwilini kupitia nyayo. Ukutani likatundikwa bango: "Usafishaji wa Mwili, Umethibitishwa Kisayansi." Nani alithibitisha, na wapi, bango halikusema. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza.

Mzee Korbinian ndiye aliyelipenda kuliko wote. Ni mgane wa Afra, dada yake Bi Walburga, na tangu Afra alipofariki amekuwa mtu wa kutafuta kitu cha kushika. Kila wiki alikuwa anaketi hapo akiyaangalia maji yakichafuka, akitikisa kichwa kwa mshangao. "Angalia uchafu niliokuwa natembea nao!" alikuwa anawaambia wageni. Miezi ikapita, vyuma vikalika, na rangi ya maji ikaanza kufifia. Mzee akahitimisha kwamba damu yake sasa ni safi. Vidonge vyake vya presha akavitia kwenye pipa la taka bila kumwambia mtu.

Alianguka kanisani, katikati ya mazoezi ya kwaya. Hospitali wakakuta presha imepanda hadi mia mbili na kumi.

"Nilikaa pembeni ya kitanda chake," anasema Bi Walburga, na kwa mara ya kwanza asubuhi hii hacheki. "Afra alinishika mkono kabla ya kufa, akaniambia, niangalizie huyu mzee, hajui hata kuchemsha yai. Nikajiona nimemwangusha marehemu. Halafu huyu bwana akafumbua macho, unajua aliniambia nini? 'Shemeji, nimeanguka kwa sababu wiki iliyopita sikuweka miguu kwenye beseni.' Nilitaka kumalizia kazi iliyoanzwa na presha!"

Jibu lilikuja kwa bahati tu. Siku moja mgeni aliitwa nje kupokea simu kabla hajaweka miguu, na beseni likasahauliwa likiwa limewashwa. Bi Walburga aliporudi na taulo, maji yalikuwa ya kahawia tayari. Hakuna nyayo zilizoingia humo. Akamwita Bwana Ottmar.

"Labda ni sumu za hewani," akasema Bwana Ottmar.

"Za hewani? Basi tulitundike sebuleni, tupumue vizuri."

Kesho yake akamkalisha Mzee Korbinian kwenye kiti, akajaza maji mapya, akatia chumvi, kisha akatumbukiza soseji mbili nyeupe alizonunua buchani asubuhi hiyo. Wageni wakasogea. Nusu saa baadaye soseji zilikuwa zinaogelea katika maji ya kahawia.

"Haya, shemeji. Soseji nazo zilikuwa na sumu mwilini?"

Mzee akakuna kidevu, akazitazama soseji kwa muda mrefu. "Nguruwe wa siku hizi," akasema, "wanalishwa takataka."

Chumba kizima kilicheka, na Bi Walburga naye akacheka. Sikio la kufa halisikii dawa. Alimweleza kwamba umeme na chumvi hula vyuma, na kahawia ile ni kutu tu, na mzee akaitikia kwa heshima zote, kisha akaenda nyumbani na hakumeza kidonge.

"Nilidhani mtu akiona kwa macho yake inatosha," anasema. "Haitoshi. Korbinian hakuwa anashindana na kutu. Alitaka kuwa na kitu kinachomsafisha. Sasa nikajiuliza, huyu anapenda nini kuliko beseni?"

Anapenda kumwagiwa. Asubuhi iliyofuata mzee alipokunja suruali, Bi Walburga aliweka mpira chini, akakunja mikono kifuani.

"Kidonge kwanza, maji baadaye."

"Unanitania."

"Nataniana na wewe tangu siku ya harusi yako. Leo sitanii."

Mzee alinuna, akavaa viatu, akaondoka. Hakuonekana kwa siku kadhaa. Bi Walburga anasema zile zilikuwa siku ndefu. Alikuwa anapita mbele ya nyumba yake jioni kuhakikisha taa inawaka. Halafu asubuhi moja mlango ukagongwa, na mzee akaingia amekifunga kidonge katika leso, akakimeza mbele ya wageni wote huku amemkazia macho shemeji yake.

"Mwanamke katili," akasema.

"Toa ulimi," akajibiwa.

Imekuwa hivyo hadi leo. Wageni wengine wenye dawa zao wameanza kutoa ulimi bila kuombwa.

Bwana Ottmar hakufurahi, na mtu huyu si mbaya. Ni mkarimu, keki yake ya tufaha inajulikana hadi bonde la pili, na anaamini kila anachosema, jambo ambalo pengine ndilo tatizo. Alimwita Bi Walburga ofisini.

"Burgl, unaniharibia biashara. Watu wa siku hizi hawataki raha tu, wanataka uthibitisho."

"Basi wathibitishie. Au ondoa neno. Wewe unavaa koti jeupe, unataja seli na mitetemo, lakini nikikuuliza ni kitu gani kikitokea utakubali umekosea, unanipa keki."

Alimpa keki. Lakini wiki hiyo bango lilishuka, na beseni leo limejaa udongo kwenye dirisha la jikoni, vitunguu majani vimestawi humo. Vipeperushi vyenye neno "kisayansi" vingali mapokezini. Bwana Ottmar anasema viishe kwanza, vililipiwa. Wageni hawajapungua, wengine huja wakiulizia soseji.

Presha ya Mzee Korbinian sasa imetulia. Daktari Kreszenz Wiedemann, anayemtibu, ameridhika. Na mzee amekwisha kupata maelezo yake.

"Ni maji," anamwambia mwandishi huku akivaa soksi. "Vidonge navimeza tu kumridhisha huyu."

Bi Walburga anafumba macho kama mtu anayehesabu hadi kumi. Kisha anasema neno ambalo linaonekana alikuwa analitunza.

"Shemeji, Kwaresima hii unaacha nini?"

"Bia. Kama kawaida."

"Bia unaiacha kila mwaka na unainywa kila Jumapili. Acha maji."

"Maji gani?"

"Haya. Siku arobaini. Kidonge unameza, maji baridi huyagusi, daktari anakupima kila wiki. Ulishaacha kidonge ukabaki na maji, tukakuokota chini ya benchi la kwaya. Sasa tugeuze."

"Siku arobaini bila kumwagiwa? Unataka kuniua?"

"Presha ikipanda, nitasimama mbele ya kwaya yote nikuombe radhi, na nitasema maji yanatibu presha. Nimesema mbele ya mwandishi wa gazeti. Na wewe, isipopanda?"

Mzee anatazama bomba. "Isipopanda," anasema hatimaye, kwa uchungu, "nitakula soseji kama zile za beseni."

Daktari Wiedemann alipoulizwa alicheka, akakubali, akaonya jambo moja: mtu mmoja si utafiti. Bi Walburga analijua hilo. "Nikishinda sitatundika bango. Nitakuwa nimejua habari za Korbinian mmoja tu. Lakini nimetaja mapema kitakachonifanya niseme nimekosea. Ottmar hajawahi kutaja."

Na ikionekana maji yake hayatibu presha hata chembe, kazi ya miaka thelathini ataitazamaje?

"Jumatatu ya Pasaka nitammwagia kama kawaida. Mbona keki haitibu kitu na tunaila?"

Jumatano ya Majivu. Bomba lililo upande wa benchi analoketi Mzee Korbinian limefungwa, na Bi Walburga anawahudumia wengine huku jicho moja liko mlangoni. Hakuna aliyemwambia mzee aje. Hana sababu ya kuja, maji amekwisha kuyaacha.

Mlango unafunguliwa. Mzee anaingia na koti lake zito, soksi za sufu miguuni, alama ya majivu kwenye paji la uso. Anaketi mahali pake pa siku zote, anafungua leso, anameza kidonge kwa chai ya moto. Kisha, bila kuambiwa, anatoa ulimi, anauinua juu.

Bi Walburga anautazama upande huu na upande ule.

"Haya, nenda nyumbani," anasema. "Leo huna kazi hapa."

"Niende wapi?" anasema mzee. "Mwagia watu, mimi nitaimba."