Walimu Wangu Wawili na Bibi wa Kitanda cha Dirishani

Nilizaliwa mdadisi, na kwetu Goweko jambo hilo halikuhesabiwa kuwa kipaji. Mama alikuwa akisema iko siku nitamuuliza maiti amekufa saa ngapi. Baba, mkulima wa tumbaku na mzee wa kanisa, alichoka kunijibu nikiwa na miaka sita. Nadhani hata ruhusa ya kwenda kusomea uuguzi mjini Tabora aliitoa ili masikio yake yapumzike. Lakini aliweka sharti: nikirudishwa, nisiombe tena kwenda popote.

Na kurudishwa kulikuwa rahisi. Miezi sita ya kwanza ilikuwa ya kujaribiwa, kisha walimu walikaa na kuamua nani abaki na nani apande treni ya kurudi kwao. Treni hiyo sikuitaka kabisa. Nilikuwa nimekwisha kuvaa aproni nyeupe, na mabanda ya kukaushia tumbaku nilikuwa nayajua vya kutosha.

Tulikuwa wasichana wanane, enzi za Mwingereza, na walimu waliotushika kila siku walikuwa wawili. Baadaye nami nilifundisha wauguzi, nikawaona walimu wengi wenye vyeti vizito. Bado nikiulizwa ualimu ni nini, hao wawili ndio wanaonijia.

Wa kwanza alikuwa mtawa wa Kizungu tuliyemwita Sista, kana kwamba duniani hakuna mwingine. Kiswahili chake alikisoma kwa mapadre wa Kipalapala. Kilikuwa safi sana, cha kusomea Injili, ila hakikutosha kununulia nyanya sokoni. Sista alifundisha bila kusema. Ukiwa umesimama mbele ya mgonjwa umeduwaa, alikuja nyuma yako, akachukua vidole vyako viwili, akavibonyeza kwenye kifundo cha mkono wa mgonjwa pale mapigo yanapopatikana, akasubiri. Hakukuuliza kama umeyapata. Alikutazama usoni tu, na ulipoyapata alijua, akaondoka. Kufunga bandeji, kumgeuza mgonjwa asiyejiweza, kukunja kona ya shuka, vyote tulijifunza hivyo, mikono yake ikiwa juu ya mikono yetu.

Bwenini tulibishana juu yake kila siku. Mmoja wetu alisema ameweka nadhiri ya kunyamaza. Mwingine alisema nchi ya kwao ina baridi mno, watu hawafungui midomo ovyo. Mimi sikuridhika. Kuuliza si ujinga, nikajiambia, na siku moja tukikunja mashuka nikamkabili.

"Sista, nani alikufundisha kufundisha?"

Alikunja mashuka mawili kabla ya kunijibu.

"Baba yangu alikuwa kiziwi," alisema. "Alikuwa fundi wa viatu. Nyumbani sisi tulisema kwa mikono."

Nilikwenda bwenini mbio kuwaambia wenzangu, nikiwa nimevimba kichwa kwa ushindi.

Wa pili tulimwita Mwalimu. Alikuwa Mzaramo, mfupi, mnene, na alizungumza kwa niaba yake na ya Sista pia. Alianza kazi kama dresa katika jeshi la Keya la Mwingereza, akapelekwa Bama huko Asia wakati wa vita ya Wajapani, akafunga vidonda kwenye mvua isiyokatika. Alikuwa na cheti kimoja kilicholiwa na mchwa pembeni, alichotuonyesha bila kuombwa.

Yeye alifundisha kwa utani. Wasiojua niwaeleze kidogo. Zamani wapagazi wa Kinyamwezi walishuka pwani na misafara, wakapita nchi ya Wazaramo, wakagombana nao, wakauguzana, wakazikana, mwisho wakawa watani. Mtani hukutukana na huruhusiwi kukasirika. Ukifiwa, huja kusaidia mazishi na bado anakutukana. Mwalimu, kwa kuwa alikuwa Mzaramo aliyeangukia katikati yetu sisi Wanyamwezi, alijiona amepewa shamba lililokwisha kulimwa.

Nakumbuka mzee mmoja kutoka Ziba aliyekataa dawa siku nzima. Sista alikuwa ameshindwa, nasi tumeshindwa. Mwalimu akaja, akasimama mkono kiunoni.

"Babu zako walibeba pembe za ndovu mpaka kwetu pwani, wewe kikombe cha dawa kinakushinda! Haya, kufa. Ukifa ng'ombe wako nachukua mimi mtani wako, na hilo shuka nalichukua. Wewe nitakufunika majani ya mihogo."

Mzee akainuka kwa kiwiko. "Mla papa we! Ng'ombe utamjulia wapi, wewe unayejua kukamua samaki?"

Wodi nzima ilicheka. Mzee akanywa dawa ili apate nguvu ya kuendelea kutukana.

Hilo nalo nililiuliza, bila shaka. Mwalimu, mbona unawatukana wagonjwa? Akaacha kucheka, jambo lililonishtua kidogo.

"Kule Bama walikuwapo majeruhi waliolia na waliotukana," alisema. "Hao sikuwahofia. Niliwahofia walionishukuru. Mgonjwa nikimtupia neno akanirudishia, najua yumo ndani. Asiponirudishia, nakaa naye."

Niliona maajabu. Sista alitafuta mapigo kwa vidole, Mwalimu aliyatafuta kwa matusi. Nikataka niwe na njia zote mbili, tena upesi, kabla ya miezi sita kwisha.

Mwezi wa sita ukaniletea Bibi. Alilazwa wodi ya wanawake, kitanda cha dirishani, miguu imevimba, pumzi fupi. Alitoka hapo hapo mjini, mtaa wa Ng'ambo. Alijifunga khanga zake vizuri hata kitandani, na Kiswahili chake kilikuwa laini, cha pwani kabisa. Akiongea, nilijua: Mzaramo huyu. Mtani wangu! Sikumuuliza mtu. Ningemuuliza nani wakati nimekwisha kujua?

Chakula alikuwa anakirudisha nusu. Asubuhi moja nikamletea uji wa ulezi wenye asali, akanywa mara mbili, akauweka chini. Mwalimu hakuwapo, Sista alikuwa mwisho wa wodi. Nikaweka mkono kiunoni.

"Wewe bibi, usipokula utakufa, na hizo khanga zako nitazirithi mimi. Au nani mwingine atazichukua?"

Nilingoja tusi. Mwanamke wa kitanda cha jirani aliacha kusuka ukili wake. Bibi alinitazama kwa utulivu, kisha akageukia dirishani. Mchana hakula, jioni hakula, na kesho yake bakuli lilirudi jikoni kama lilivyotoka.

Habari za wodi hazilali. Mwalimu aliniita kwenye chumba cha mashuka, akasimama mlangoni.

"Heri kujikwaa kidole kuliko kujikwaa ulimi," alisema. "Yule bibi umemuuliza kwao?"

"Hapana, Mwalimu."

"Mimi umeniuliza mpaka mama yangu alikuwa akipika nini. Sista umemuuliza habari za baba yake. Na huyu, uliyemshika mkono kila siku, hukumuuliza hata kabila?"

Nikajitetea kwamba Kiswahili chake ni cha pwani.

"Ni Mmanyema. Mama yake alitolewa ng'ambo ya Ziwa Tanganyika, akaletwa hapa na msafara, tena si kwa hiari yake. Mimi nilimuuliza siku alipoingia. Umewahi kunisikia nikimtania?"

Sikuwahi. Kila asubuhi Mwalimu alipofika kitanda cha dirishani alipunguza sauti, akatoa shikamoo, akauliza amelalaje, akangoja jibu. Nilikuwa nimeliona hilo kwa macho yangu. Sikujiuliza hata mara moja kwa nini. Utani wa Wanyamwezi na Wamanyema sikuwahi kuusikia kwetu, kwa hiyo maneno yangu yalikuwa nini masikioni mwake? Yalikuwa laana tu, kutoka kwa msichana asiye na adabu. Niliona aibu iliyonichoma masikio, na chini ya aibu ilikuwapo hofu ya treni. Sitaki kudanganya, hofu ya treni ilikuwa kubwa kuliko aibu.

Nilikwenda kwa Bibi baada ya sala ya alasiri, nikapiga magoti karibu na kitanda.

"Shikamoo, bibi."

"Marahaba."

"Bibi, nilikukosea. Nilidhani u mtani wangu. Nisamehe."

Aliendelea kutazama nje, walikokuwa wanawake wakianika mashuka ya hospitali.

"Neno 'kufa' halikuniuma," alisema. "Nimezeeka, hilo nalijua. Uliniuliza nani atachukua khanga zangu. Basi tangu jana natafuta jina. Nilizaa watatu, wote niliwazika mimi. Mume nilimzika. Kwa mama yangu hatukuwa na ndugu, yeye aliletwa peke yake. Natafuta jina, mjukuu wangu, silipati."

Hapo hofu ya treni ilinitoka. Nililia, si kwa ustaarabu, mpaka kamasi. Kisha, kwa kuwa sikuwa na jingine ninaloliweza, nikamuuliza.

"Mama yako alipaitaje kwao, bibi?"

Akanitazama kwa mara ya kwanza tangu jana. Akalitaja jina la mahali, jina refu lenye mlio wa maji ndani yake, akasema ndilo neno pekee alilolijua kwa lugha ya mama yake. Alinifanya nilirudie mpaka nilipolitamka sawasawa. Kisha akasema amechoka, niondoke. Uji uliokuwa kando yake hakuugusa.

Asubuhi iliyofuata ilikuwa ya uamuzi. Sista alikaa na daftari lake, Mwalimu kando yake, nikaitwa wa tano. Sista aliniambia nirudie maneno niliyomwambia mgonjwa, yote. Nikayarudia. Kwa Kiswahili chake cha Injili yalimfikia yakiwa matupu kabisa, bila utani, nikaona uso wake ukikunjamana.

"Maneno hayo ni yangu," Mwalimu alisema. "Nimewafundisha kuyasema. Sikuwafundisha pa kuyaacha. Kama ni kosa, tuligawane."

Sista alifunga daftari lake. Kisha akasimama, akatuashiria tumfuate. Tukaenda wodini sote watatu, mpaka kitanda cha dirishani.

"Mama," Sista alimwambia Bibi, "msichana huyu amekutenda vibaya. Mimi nilitaka kumrudisha kwao. Lakini wewe ndiwe uliyetendewa. Useme wewe: aende, au abaki?"

Wagonjwa wote walikuwa wamegeuza vichwa. Sijawahi kutaka neno la mtu kama nilivyolitaka la bibi yule. Aliomba ainuliwe. Mwalimu na mimi tukamwinua, tukampa mto, akavuta pumzi mara kadhaa.

"Abaki," alisema.

"Umemsamehe?" Sista aliuliza.

"Sikusema hivyo." Akanitazama mimi, si Sista. "Huyu amekwisha kunikosea. Mkimwondoa mtaniletea mwingine, naye aanze kunikosea upya. Mimi sina muda huo."

Mwalimu aliinamisha kichwa. Sista aliyatafakari maneno hayo taratibu, nadhani akiyageuza kwanza kwa lugha yake. Kisha alifungua daftari, akaandika, akarudi kuwaita wenzangu waliobaki. Mimi nilikwenda jikoni kupasha uji.

Kuhusu muda Bibi alisema kweli. Nilimuuguza siku tisa.