Jivu la Juzuu

Mpaka nafika miaka ishirini na tisa, na cheti cha kidato cha nne cha masomo ya jioni kimetundikwa sebuleni kama picha ya harusi, niliamini kwamba Kadhi ana upanga. Wallahi niliamini. Nilihadithiwa kuwa unakaa nyuma ya kiti chake, umeviringwa kitambaa cha kijani, na mwenye kuikashifu dini akiingia pale hatoki na shingo yake. Mie nikaongeza yangu: kwamba hunolewa kila Alkhamisi, na ukipita nje unasikia.

Siku moja, baada ya alasiri, nilipanda paani kuanua nguo. Huku kwetu Mji Mkongwe ukiwa paani unaona hadi sufuria ya jirani. Jirani yetu alikuwa mjane wa Kitumbatu, mwalimu wa chuo cha Kurani. Nusu ya mtaa tulijifunza alifu mbele ya bakora yake. Nikamwona uani kachutama, mbele yake karai, anachoma karatasi. Upepo ukafunua ukurasa mmoja kabla haujashika moto, nikaziona herufi na irabu zake. Juzuu ya msahafu.

Ningeweza kumwita, na angenisikia hata kwa kunong'ona. Sikumwita. Nilizishuka ngazi tatu tatu hadi kwa kinyozi wa pembeni.

"Bi Mwalimu anachoma msahafu!"

"Msahafu mzima?" akauliza kinyozi, wembe juu.

"Rundo, yakhe! Limenifika hapa," nikajipiga kifuani.

Kwenye karai hamkuwa na zaidi ya gao moja la karatasi, la kujaa kiganja tu. Lakini nimezoea kuongeza chumvi, na watu wamezoea kunicheka. Safari hii hakucheka mtu. Aliyekuwa akinyolewa aliinuka na povu upande mmoja wa uso, akatoka vivyo hivyo. Redio ikazimwa.

Tulipofika mlangoni kwake tulishakuwa watu ishirini, na uchochoro ule ishirini wanaujaza kama elfu. Mmoja aliokota jiwe, akawa analipima uzito mkononi, taratibu, kama anayechagua ndimu. Tulisoma naye chuo kimoja, kwa mwalimu huyo huyo.

"Apelekwe kwa Kadhi!"

"Kwa Kadhi mbali. Tumalize hapa hapa."

Nikataka kusema ngojeni kwanza. Badala yake nikasogea nyuma ya kinyozi.

Mlango ukafunguka. Akatoka na karai lake, akatutazama mmoja mmoja. "Mbona leo hata shikamoo hamna?"

"Umechoma nini?" akauliza mwenye jiwe.

"Juzuu zilizoliwa na mchwa. Hazisomeki tena. Nzitupe jaani zikanyagwe? Nshazichoma, na jivu nnalipeleka baharini."

"Muongo!" Mkono ukapanda.

Hapo ndipo alipojipenyeza jirani mwingine, karani wa mahakama ya Kadhi, anarudi kazini na fungu lake la mchicha kwapani. Akasimama baina ya jiwe na bibi. "Shusha mkono. Kasema kweli. Ukurasa uliochakaa huchomwa au huzikwa ili usidharauliwe. Kamuulizeni imamu mnayemtaka."

Jiwe lilikaa juu muda ambao kwangu ulikuwa mwaka mzima. Kisha likadondoka. Watu wakatawanyika bila ya hata mmoja kumtaka radhi. Yeye alinitazama mimi tu, akafunga mlango, nikasikia komeo.

Nikamuuliza karani: "Sasa Kadhi na ule upanga wake, bado atamwita?"

"Upanga gani? Mle mna makabati ya mafaili na feni. Sie twasikiliza ndoa, talaka, matunzo, mirathi. Kukashifu dini, iwe yetu au ya Baniani wa duka lile, ni kesi ya polisi na mahakama ya kawaida. Na hakimu atauliza: huyu alikusudia kudharau? Bibi hakukusudia. Lakini jiwe lile lingempata, wa mwanzo kuitwa kituoni ungekuwa wewe, kwani mtaa mzima wajua nani huongeza chumvi."