Sindano ya mguu wa ng'ombe ilivyoahirisha harusi yangu

Wakuu, heshima kwenu. Haya yamenikuta mwenyewe, sijasimuliwa na mtu. Asiyeamini aje Mpwapwa nimwoneshe ng'ombe.

Kazi yangu iko Dodoma mjini ila kwetu ni Mpwapwa, vijijini huko. Mwaka jana nilipeleka posa kwa kina Neema. Wakwe hawakuwa na makuu: ng'ombe kadhaa, mbuzi, na kati ya hao ng'ombe awepo mtamba mmoja mwenye mimba. Mzee alisisitiza hapo kwenye mimba.

Huyo tulikuwa naye, mimba kubwa tu. Wiki ya kupeleka mahari akavimba mguu, akawa anachechemea.

Hapa anaingia Baba mdogo, mdogo wake marehemu baba. Hajasomea mifugo popote, ila ana bomba la sindano, na pale kijijini hiyo inatosha. Akaenda duka la dawa za mifugo, akaeleza habari za mguu, akapewa chupa ya dawa ya uvimbe. Mimba hakuitaja kwa sababu, anasema, mimba haikuwa inaumwa.

Akachoma. Kesho yake ng'ombe anatembea, anakula. Baba mdogo akanipigia simu kunijulisha kwamba sisi wasomi tungekuwa bado tunamtafuta daktari.

Siku iliyofuata ng'ombe akazaa.

Nilifika kutoka mjini nikamkuta ndama kafunikwa khanga ya mama. Mdogo, hawezi hata kusimama. Jioni akafa. Niliumia sana wakuu. Halafu nikakumbuka mahari, nikaumia upya.

Kondo la nyuma nalo likagoma kutoka. Ndipo tukamwita daktari wa mifugo, dada mmoja hivi mpole. Akasoma chupa, akauliza nani amechoma.

"Mimi," akasema Baba mdogo. "Na mguu umepona."

Somo likaanza pale pale zizini. Nawaletea nilivyoelewa, wataalamu mtanirekebisha.

Homoni nyingi zinaishia mlangoni mwa seli. Zinagusa kipokezi kwenye utando wa nje, ujumbe ndio unaopita kwenda ndani. Steroid, na dawa ile ni steroid, zina asili ya mafuta, kwa hiyo zinapenya zenyewe. Huko ndani zinashikana na kipokezi, zinaingia nacho kwenye kiini, zinawasha jeni hizi na kuzima zile. Kazi hiyo inachukua masaa, matokeo mengine siku kadhaa.

Lakini steroid hizo hizo zina njia ya mkato pale kwenye utando, inayofanya kazi ndani ya dakika. Kwa hiyo unaweza kuona nafuu ukadhani dawa imemaliza, kumbe ndani ndiyo kwanza inaanza.

"Ndama akiwa tayari kuzaliwa, mwili wake mwenyewe hutoa homoni ya jamii hii," daktari akamwambia. "Kondo likiisikia, homoni za mama zinabadilika, uchungu unaanza. Sasa wewe baba umemsemea ndama kabla hajawa tayari."

"Mimi niliituma mguuni," akasema Baba mdogo.

"Dawa haijui imetumwa wapi, baba."

Baba mdogo akatoka zizini. Siku hiyo hakula.

Tukaenda kwa wakwe. Mzee alisikiliza yote, mpaka jeni. Akasema, "Poleni sana. Huyo ng'ombe akishika mimba tena, njooni mmchukue Neema." Wala hakupandisha sauti.

Kwa hiyo wakuu, nimekuwa mchumba anayesubiri kizazi cha ng'ombe kipone. Kilikuwa kimepata maambukizi, dozi juu ya dozi. Neema akipiga simu anauliza kwanza kama ng'ombe ameonesha dalili za kuhitaji dume, ndipo ananisalimia. Kuna wiki niliamini kabisa nimeshampoteza.

Juzi daktari akaingiza mkono mpaka begani. Akasema mimba ipo. Neema alilia kwenye simu, na mimi nilikuwa nimeshaanza.

Funzo: ukinunua dawa, taja na yasiyouma. Ya binadamu ni hivyo hivyo, msimeze vidonge vya uvimbe kwa kuambiwa na jirani.

Sasa jana mguu ule ule umevimba tena.

Baba mdogo aliuangalia, akaenda kwake, akarudi na bomba lake la sindano, akanikabidhi. "Kalifiche," akasema. "Na nisijue liko wapi."

Daktari anakuja kesho. Mwenye uzoefu wa kukanda mguu wa ng'ombe kwa maji ya moto bila kupigwa teke, naomba mchango wake hapo chini.