Kenge Chini ya Pipa

Mdomo huu sikuazima, nilizaliwa nao. Ndiyo maana siku moja, katikati ya miaka ya tisini, nilijikuta nimekalia pipa pale mtaa wa mabanda wa Laini Saba, chini yake kenge mzima, mbele yangu mjomba ananikodolea macho.

Mjomba alikuwa fundi wa mbao. Yeye pia ndiye aliyeongoza isukuti, ngoma zetu sisi watu wa Magharibi tuliopanga mtaa wa Kambi Muru. Jumamosi ile binti yake wa pekee alikuwa anaolewa kule Kabiro, na ngoma kubwa ilikuwa imepasuka. Kwa desturi huwambwa ngozi ya kenge. Bila hiyo, mjomba alisema, wakwe watadhani tumewaletea debe. Basi kenge alipotokea kwenye mtaro nyuma ya karakana yake, mafundi wakamfunika na nusu pipa, mjomba akainua mikono akamshukuru Mungu. Akaagiza kisu, akaletewa.

Mimi nikaenda nikaketi juu.

"Shuka."

"Sishuki, mjomba. Huyu ni mnyama wa pori, ako na sheria."

Watu walivyocheka! "Ati kenge ako na sheria! Mama, wacha mchezo."

"Sheria ni ya ndovu na kifaru," mjomba akasema. "Wale wanaopigwa picha. Kenge nani anamtaka?"

"Kwenye msafara wa mamba na kenge wamo."

Hapo mkia ukagonga bati, pa! Nikaruka, nikarudi papo hapo. Niliogopa, jamani, lakini hasira ilikuwa kubwa kuliko woga.

"Unataka mtoto wangu aaibike?" mjomba akauliza. Nilimhurumia sana. Tena kwetu mjomba habishiwi. Lakini nilishaanza.

"Sheria ikilinda wazuri peke yao, sisi tutapona? Siku ile tingatinga ilikuangushia nyumba, watu wa serikali walisemaje? Si walisema ni vibanda vibaya tu, nani anavitaka?"

Mjomba alitazama mabati ya karakana, kisha akamrudishia mwenye kisu kisu chake.

"Mpelekeni mtoni," akasema. "Na huyu mwenye mdomo abebe upande wa mkia."

Tukapitisha ubao chini ya pipa, tukambeba hivyo hivyo hadi mtoni. Tulipomfunua, badala ya kukimbilia maji akawakimbilia mafundi. Wanaume wazima wakatawanyika wakiita mama zao, mmoja akaingia tope hadi magotini. Nilicheka mpaka nikakaa chini. Kenge akageuka, akaingia majini bila haraka.

Ngoma tukaiwamba ngozi ya mbuzi. Mjomba aliipasha moto wa makaa, akaipiga, akakunja uso, akaipasha tena. Ijumaa hakula vizuri.

Jumamosi Kabiro vumbi lilitimka. Bibi harusi alicheza hadi kiatu kikamtoka, na mashemeji wakamfuata mabega yakiruka. Nilikuwa nimeanza kupumua pale mzee mmoja wa upande wa bwana harusi aliposogea, akainamisha sikio kwenye ngoma kubwa.

"Hii sauti si ya kwetu," akasema, watu wote wakisikia. "Ngozi ya kenge iko wapi?"

Nikatazama chini. Mjomba alifuta jasho kwa bega, mikono haikuacha kupiga.

"Iko na mwenyewe," akasema. "Ameivaa."