Mwalimu wa Mwanga na Matanga Yetu Yasiyokwisha

Wiki iliyopita muuza mboga wangu wa Queensbury, hapa London, aliniambia, huku akipima bamia, kwamba Mwalimu ametutoka. Wengi wenu hamkumjua. Alikuwa mama wa Kihindi mzaliwa wa Kisumu, mstaafu, aliyekusanya watoto wadogo kila Jumamosi katika ukumbi wa mtaa na kuwachezesha na mwanga. Aliwapa vijiko wajitazame: upande wa ndani wamesimama kichwa chini, upande wa nje wana pua kama viazi. Alisimamisha vioo viwili kama kitabu kilichofunguliwa nusu, akaweka ndizi moja katikati, ikawa mkungu. "Nani amenunua hizi zote?" angeuliza, na watoto wakavunjika mbavu.

Mdogo wangu wa mwisho alikuwa mmoja wao. Baba alitangulia, mama akafuata. Mimi, mkubwa, nikaacha shule nikashika kazi ya usafi maofisini ili niwalee wadogo zangu wawili. Kwetu mtu akifa, vioo vya nyumba hugeuzwa ukutani mpaka mkubwa wa ukoo aanue matanga na kusema msiba umekwisha. Nilivigeuza siku aliyofariki mama, vikakaa hivyo zaidi ya mwaka.

Jumamosi moja Mwalimu aliwatuma watoto nyumbani wakanase jua kwa kioo na kulirusha ukutani. Wiki iliyofuata wote walisimulia isipokuwa mdogo wangu. Nilipokwenda kumchukua, nikiwa nimeshamshikia mkoba wake, Mwalimu alinizuia mlangoni.

"Huyu anasema kwenu vioo haviangaliwi. Hata nywele anachana kwa kupapasa. Ni kweli?"

"Tuko kwenye matanga, Mwalimu."

"Bado? Yataanuliwa lini?"

"Mkubwa akisema."

"Na huyo mkubwa yuko wapi?"

Nikafungua kinywa nimtaje baba mdogo, nikakumbuka kwamba naye tulishamzika. Mwalimu akanitazama juu mpaka chini.

"Mimi namwona. Ana ndevu, na ameshika mkoba wa rangi ya waridi wenye picha ya paka. Haya, mzee, nenda kaseme. Mtoto asizoee kuogopa uso wake."

Siku ileile nilipika pilau, tukaomba dua, nikasema maneno niliyowahi kuyasikia kwa wazee, kwamba msiba umekwisha. Kisha nikageuza kioo cha sebuleni. Mdogo wangu alijitazama kwa muda mrefu, halafu akasema kwa Kiingereza, kama kawaida yake, kwamba amefanana na mama. Baadaye alichukua kioo kidogo, akanasa jua la dirishani, akalimwaga usoni mwa mdogo wangu wa kati aliyekuwa amesinzia kwenye kochi. "Nani ameniwashia jua?" akafoka. Nyumba nzima ikacheka, na sikukumbuka tulicheka lini mara ya mwisho.

Tumekuja London na mila zetu, lakini wazee wenye kuzihitimisha walibaki nyumbani au wametangulia. Ndiyo maana wengi wetu tuna misiba ya zamani na ugomvi wa ndugu, tukingoja mzee fulani apige simu kusema yamekwisha. Wahenga walisema mkubwa ni jalala, nami nilidhani maana yake ni kubeba tu. Mwalimu alinifundisha kwamba mkubwa ndiye pia mwenye ruhusa ya kusema inatosha. Ewe uliyebaki mkubwa wa nyumba yako, hata kama bado kijana, usingoje simu. Sema wewe, watoto waishi.